Lakrosi si magongo, Mjomba

Jumapili moja niliandika kwenye kundi la familia: "Nimetoka kwenye magongo, niko hoi." Sijamaliza kuvua viatu, simu ikalia. Shangazi, kutoka Tanga. "Umevunjika mguu upi, mwanangu?"

Kosa lilikuwa langu. Tangu nianze kucheza lakrosi huku Ontario, Kanada, sasa mwaka wa pili, Mjomba huniuliza kila wiki "magongo yanaendeleaje", nami kila wiki namsahihisha. Siku hiyo nilikuwa nimechoka, nikaona bora nitumie neno lake yaishe. Hayakuisha. Shangazi alielewa natembelea magongo. Binamu mmoja naye akasema alidhani naizungumzia gongo ile ya kwenye chupa, na kwamba hakushangaa. Kwa hiyo naandika hapa mara moja, kwa urefu, ili siku nyingine niwe natuma tu.

Maana yenyewe haichukui muda. Lakrosi ni mchezo wa timu mbili zinazogombea mpira wa raba ngumu, mdogo kidogo kuliko wa tenisi lakini mzito zaidi ya mara mbili. Kila mchezaji ana fimbo yenye wavu kichwani, wavu uliolegezwa ukawa kama mfuko. Kwa wavu huo unauokota mpira, unaubeba, unaurusha, unaudaka, na Mungu akijalia unautupia golini. Mkono hauruhusiwi kuugusa, kipa peke yake ndiye mwenye nafuu hapo. Kwenye uwanja mkubwa wanacheza 10 kwa 10. Ukumbini ni 6 kwa 6. Huo utakaochezwa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 nao ni wa 6 kwa 6, nje, kwenye uwanja uliofupishwa, mbio mwanzo mwisho. Mara ya mwisho lakrosi kutolewa medali za Olimpiki ilikuwa London mwaka 1908, na timu zilizofika zilikuwa mbili tu, Kanada na Uingereza.

Sasa twende kwenye kinachoniudhi.

Mpira wa magongo ni hoki. Neno hilo kwetu lina wenyewe, na wenyewe wana historia. Kenya ilimaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa magongo, Barcelona, mwaka 1971. Tanzania ilipeleka timu Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ambako India ilitufunga mabao 18 kwa bila. (Mjomba anaikumbuka mechi hiyo kuliko harusi yake.) Ukisema "nacheza magongo" kwa mtu wa umri wake, ameshaona nyasi, fimbo zilizopinda chini, na watu wameinama. Hapo umempeleka uwanja mwingine kabisa.

Maana kwenye hoki mpira maisha yake ni chini. Unasukumwa, unapigwa, unazuiwa, na mgongo wako unajua hivyo ukifika nyumbani. Kwenye lakrosi mpira ukiwa chini ujue kuna mtu amekosea, na mara nyingi mtu huyo ni mimi. Kazi yote ni kuubeba ukiwa hewani huku unakimbia na mtu anakugongea fimbo mikononi. Ili usidondoke, unaizungusha fimbo mbele na nyuma kwa kifundo cha mkono, taratibu, na mpira unatulia ndani ya mfuko wake. Kocha wetu wa kujitolea alihangaika wiki nzima kunieleza mwendo huo. Nilipouelewa nikagundua Kiswahili kina neno lake tayari: kubembeza. Ni mkono uleule wa mama anayemlaza mtoto. Mara tu nilipoacha kufikiria kupiga nikaanza kufikiria kulaza, mpira ukaacha kunikimbia.

Miezi yangu mitatu ya kwanza niliicheza na ukuta. Wote huanza hivyo, na hata wazoefu hawauachi: unasimama mbele ya ukuta, unarusha, unadaka, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka jirani afungue dirisha. Wa kushoto ndio hukumu. Nilikuwa na umri wa miaka 34 nilipogundua kwamba mkono wangu wa kushoto sijawahi kuutuma kazi ya maana.

Nakiri kwamba huku nako kuna kinachochanganya. Mchezo wa ukumbini ulishika miaka ya 1930, wenye kumbi za hoki ya barafu walipotafuta cha kuzijaza wakati wa kiangazi. Barafu ikiondolewa, lakrosi inaingia, na kuta za mbao zinabaki zilezile. Mpangaji yuko kwenye nyumba ya hoki, basi wapita njia wanadhani ni mtoto wa hoki. Lakini hata Bunge la Kanada limetenganisha: sheria ya mwaka 1994 inautaja mchezo wa taifa wa majira ya baridi kuwa hoki, na wa majira ya joto kuwa lakrosi.

Hadi hapo nilikuwa na uhakika. Nikaona nimalizie na asili ya neno, nimfunge Mjomba bao la mwisho.

Tuanze na zisizo asili. Kwa sikio la mtu wa mpira wa miguu, lakrosi ni krosi: winga kamimina, mshambuliaji kapiga kichwa. Hapana. Wengine wanasikia msalaba, hasa wakiambiwa neno lilitoka kwa padri. Pia hapana. Hiyo "la" ya mwanzo ni ya Kifaransa, kijineno kinachotangulia nomino ya kike, na "crosse" ni fimbo iliyopinda kichwa. Kama kule kwenu mnaangulia maembe kwa upembo, picha mnayo.

Padri yupo kweli. Jean de Brébeuf, Mjesuti Mfaransa, aliishi katika miaka ya 1630 na Wawendat, wenyeji wa huku ambao Wafaransa waliwaita Wahuron, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Ontario hii hii. Aliandika kuhusu mganga aliyeagiza mchezo wa "crosse" uchezwe ili nchi iliyokuwa inaumwa ipone. Hadithi inayopendwa sana ni kwamba aliona fimbo zile akakumbuka fimbo ya askofu, ambayo kwa Kifaransa nayo ni "crosse". Ni hadithi tamu ila haina haja. Kwao Ufaransa watu walikuwa na michezo yao ya kupiga mpira kwa fimbo zilizopinda, na fimbo hizo ziliitwa hivyo hivyo. Padri aliona mchezo asioujua, wenye fimbo, akaupa jina la mchezo wa fimbo alioujua. Hata leo Mfaransa akizungumzia fimbo ya hoki, husema "crosse".

Yaani alifanya alichofanya Mjomba. Tofauti ni kwamba wa kwetu hakuwa na kalamu.

Ningeweza kuishia hapo nikiwa na heshima yangu, lakini nikaenda hatua moja nyuma. "Crosse" ilitoka katika lugha ya Wafranki, wa ukoo wa Kijerumani, kwenye neno la fimbo yenye ndoano. Ndugu zake wako hai. Kwa Kijerumani ni Krücke. Kwa Kiingereza ni crutch. Na hayo mawili yote, ukiyaleta kwa Kiswahili, ni ile fimbo anayoegemea mtu aliyeumia mguu.

Gongo. Yakiwa mawili, magongo.

Nililikodolea macho neno hilo nikamkumbuka Shangazi na swali lake la mguu upi.

Nikajaribu kujitetea kwa upande mwingine: sawa, Wafaransa waache, tuwaulize wenye mchezo. Wahaudenosaunee, Watu wa Nyumba Ndefu, muungano wa mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, wameucheza tangu kabla ya Mzungu kutia nanga, wanauita mchezo wa Muumba na pia mchezo wa dawa, na mpaka leo wana timu yao ya taifa inayotambulika kwenye mashindano ya dunia. Mwaka 2010 walikosa mashindano ya Manchester kwa sababu Uingereza ilizikataa pasipoti zao wenyewe, nao hawakukubali kusafiri kwa za mtu mwingine. Watu wa msimamo huo, nikasema, jina lao litakuwa linasema kubeba, au kubembeza. Kwa Kionondaga, mojawapo ya lugha zao, mchezo unaitwa dehuntshigwa'es, na kawaida hufasiriwa "wanapiga kitu cha mviringo".

Wanapiga!

Basi hoja yangu ya kubembeza ninaibeba peke yangu, na ninaendelea kuipenda. Kilichobaki ni kidogo lakini ni kweli: neno "magongo" lingeufaa mchezo huu vizuri tu, tena kwa asili ya neno lingekuwa tafsiri nzuri kuliko zote, kama lisingekuwa limeshachukuliwa. Hoki iliwahi. Nasi huku Afrika Mashariki tuna sababu ya kuyatenga majina mapema, kwa sababu mchezo umeshafika. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya wanaume, Denver, mwaka 2014, na mwaka 2019 wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 19 walikuja kucheza yao Peterborough, Ontario. Siku mtangazaji atakapolazimika kusoma matokeo ya magongo na ya lakrosi katika taarifa moja, atatushukuru.

Nilimtumia Mjomba ujumbe wa sauti wa dakika sita wenye haya yote, Wafranki ndani yake. Akajibu kwa maandishi: "Kwa hiyo nilikuwa sahihi." Nikamwambia ulikuwa sahihi, Mjomba, ila jina lina mtu. Sema lakrosi.

"Lakrosi," akaandika. "Haya mpwa wangu. Na India wanaicheza?"

Shangazi hajaandika kitu. Ameomba tu nitume picha nikiwa nimesimama, miguu yote miwili ionekane.