Sumaku ya MRI haizimwi, hata stima ikipotea

Watu wa hapa Malindi wananiuliza mengi kuhusu MRI, ile mashine ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na swali linalonitia wasiwasi kuliko yote ni hili: stima ikipotea si mtu anaweza kuingia tu na simu yake, ama kusukuma kitanda cha chuma mle ndani? Hapana jamani, hapana kabisa! Sumaku ile inavuta mchana na usiku, stima iwepo isiwepo.

Ni vile inavyoundwa. Ndani mna kilomita na kilomita za waya wa metali za niobiamu na titaniamu, umezungushwa koili na kutumbukizwa kwenye hiliamu ya majimaji, baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo waya hauzuii umeme hata kidogo, kitu alichokigundua mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes kwa zebaki kule Leiden, Uholanzi, mwaka 1911. Mafundi wanapitisha mamia ya ampia, wanafunga mzunguko, wanachomoa chanzo cha umeme, na umeme unabaki unazunguka wenyewe miaka na miaka. Sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) inashinda sumaku ya dunia, hii inayogeuza dira ya nahodha, zaidi ya mara 30,000.

Ila kabla ya kutoka kiwandani inajaribiwa sana. Umeme unapandishwa polepole, na waya ukisogea hata kidogo mno unatoa joto, joto linasambaa, hiliamu inachemka kwa mpigo na lita moja inakuwa zaidi ya lita 700 za gesi. Hiyo ndio wanaita kwenchi, na ndio maana chumba cha MRI kinawekewa bomba la kutoa gesi nje, manake ikijaa ndani inafukuza oksijeni na mtu anaweza kufa. Sumaku inapozwa tena, inapandishwa tena, mara nyingi inafika juu kuliko mwanzo mpaka waya utulie. Ikifika hospitali wanapima pointi kwa pointi pale mgonjwa atakapolala, wanaongeza vipande vidogo vya chuma mpaka tofauti ibaki sehemu chache tu kwa milioni, la sivyo picha ya ubongo inatoka imepinda.

Kwa hiyo ukiulizwa kama una chuma mwilini sema kweli, hasa nyinyi mafundi wa weldingi, kijipande kilichokuingia jichoni zamani kinaweza kusogea na kukupofua.

Kuna MRI nyingine ndogo zinazonipa moyo sana. Mwaka 2022 pale Mbarara, Uganda, iliunganishwa MRI ya sumaku za kudumu, haitaki hiliamu hata tone, nguvu yake karibu tesla 0.05. Picha si kali kama za zile kubwa lakini kwa mtoto mwenye maji kichwani inaweza kusaidia. Natamani ije pwani, ila sumaku zake ni za metali ya neodimiamu, na hizo zinaliwa na kutu zisipopakwa vizuri, na kwa hii hewa yetu ya chumvi hiyo ndio testi ningetaka ifanywe kwanza.