Foleni ya Guangzhou: kabla ya kuulaumu ubalozi mdogo, tazama tarehe yako

Wachina wanaowekeza Marekani kupitia EB-5, viza ya kuhamia inayotolewa kwa wawekezaji, huniuliza karibu swali moja tu: ubalozi mdogo wa Guangzhou huchukua muda gani kumwita mtu kwenye mahojiano? Nami huwauliza tarehe yao ya kipaumbele ni ipi, yaani siku ombi lao la kwanza, fomu I-526, lilipopokelewa na USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani. Bila tarehe hiyo jibu lolote ni ramli.

Kuna ukurasa wa serikali unaoonyesha muda wa kusubiri miadi katika kila ubalozi, na watu huukimbilia. Takwimu zake ni za watalii, wanafunzi na wengine wanaokwenda kwa muda. Anayehamia hazimhusu hata kidogo.

Anayehamia kwanza hubanwa na sheria. Tangu Bunge la Marekani lilipoanzisha viza hii mwaka 1990, wawekezaji hutengewa asilimia 7.1 ya viza za ajira, ambazo kwa kawaida ni 140,000 kwa mwaka. Hiyo ni kama viza 9,940 kwa dunia nzima, na mke, mume na watoto wanahesabiwa humo humo. Juu ya hapo kila nchi ina ukomo wa asilimia 7, kwa hiyo haki ya China ni viza zipatazo 700. Familia za watu watatu watatu zikija, wawekezaji 230 hivi wanazimaliza. Kinachoiokoa China ni mabaki: viza ambazo nchi nyingine hazikuzitumia hupewa wenye tarehe kongwe zaidi. Foleni ya Wachina iliwekewa tarehe ya ukomo kwa mara ya kwanza Mei 2015, na waliochelewa kidogo tu kuomba wamekuwa wakihesabu miaka.

Guangzhou inaingia mwishoni. Hapo ndipo viza zote za uhamiaji za China bara hushughulikiwa, si Beijing wala Shanghai. Lakini anayepanga ratiba ni Kituo cha Taifa cha Viza kilichoko Portsmouth, New Hampshire. Ombi likikubaliwa, faili huenda huko. Unalipa dola 345 kwa kila mwanafamilia, unajaza DS-260, yaani fomu ya kuomba viza ya uhamiaji, unapakia vyeti. Barua ya mahojiano haitoki mpaka mambo matatu yakutane: nyaraka zimekamilika, tarehe yako imefikiwa, na ubalozi mdogo una nafasi.

Kama tarehe yako imefikiwa utaona kwenye taarifa ya viza inayotolewa kila mwezi, nayo ina majedwali mawili. Jedwali B linakuruhusu kuanza kulipa na kutuma nyaraka. Jedwali A ndilo linaloruhusu viza kutolewa. Nimeona watu wakijiuzulu kazi kwa sababu ya B! Hata hivyo B si ya kupuuzwa, maana kituo hupanga mahojiano kwa kufuata nani alitangulia kukamilisha nyaraka. Anayengoja A ifunguke ndipo aanze kutafuta cheti cha polisi amejirudisha nyuma mwenyewe. Na anayekaa kimya mwaka mzima baada ya kuarifiwa kwamba zamu yake imefika anaweza kufutiwa ombi.

Zipo nyakati ambapo ubalozi wenyewe huwa kizuizi. Machi 2020 huduma za kawaida za viza zilisimamishwa duniani kote. Kisha mpango wa vituo vya kanda, yaani taasisi zilizoidhinishwa kukusanya fedha za wawekezaji kwa ajili ya miradi, ambao wawekezaji wengi huupitia, ulikwisha muda wake tarehe 30 Juni 2021, ukafufuliwa kwa sheria ya tarehe 15 Machi 2022. Kwa miezi hiyo, hata dirisha likiwa wazi, ofisa hakuwa na viza ya kuwapa.

Sheria hiyo ya 2022 ilipandisha kiwango cha chini cha uwekezaji hadi dola 800,000 katika maeneo yaliyolengwa, na 1,050,000 kwingineko. Pia ilitenga asilimia 20 ya viza kwa miradi ya vijijini, 10 kwa maeneo yenye ukosefu mkubwa wa ajira, na 2 kwa miundombinu. Kila fungu lina foleni yake, ndiyo maana aliyeomba mwaka 2023 kwa mradi wa kijijini anaweza kukaa mbele ya ofisa kabla ya aliyeomba 2017. Wazee wa foleni hukasirika, na sioni la kuwalaumu.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Akifika miaka 21 mtoto hutoka kwenye faili la mzazi, ingawa sheria ya mwaka 2002 humpunguzia umri kwa muda ambao ombi lilikaa USCIS. Muda wa kungoja viza baada ya kukubaliwa haupunguzwi. Chukua mtoto ambaye zamu inafika akiwa na miaka 23. Kama ombi lilikaa USCIS miaka mitatu, anahesabiwa kuwa na 20, anasafiri. Kama lilikubaliwa ndani ya mwaka mmoja, ana 22, anabaki. Kwa mwenye foleni ndefu, basi, kukubaliwa haraka kunaweza kumgharimu mtoto. Na aliyenusurika bado ana mwaka mmoja tu wa kuidai viza hiyo, tangu siku inapopatikana.

Mahojiano yenyewe mara nyingi ni mafupi. Ofisa huuliza mradi ni upi, pesa zilitoka wapi na zilipitia wapi. Swali la njia ya pesa ni zito kwa Wachina, kwa kuwa nchi yao inamruhusu mtu kubadilisha dola 50,000 tu kwa mwaka, na wengi walitumia majina ya ndugu na marafiki. Maelezo yako yakipingana na yaliyomo kwenye faili, ofisa anaweza kulizuia kwa uchunguzi zaidi au kulirudisha USCIS.

Vipimo vya afya visubiri barua. Kwa kawaida havidumu zaidi ya miezi sita, na viza haiwezi kudumu kupita vipimo. Aliyepima mapema huishia kupima tena, au kupewa viza iliyobakiza wiki chache huku nyumba haijauzwa na watoto hawajamaliza muhula.