Acha hiyo vali: kwa nini marobota yako yanatoka manene

Kila msimu wa kuchambua pamba ukianza, simu ni ile ile. Bosi wa jinari, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, awe wa Busoga, Lango au Kasese hapa Uganda, anasema marobota yake yametoka manene, hayapangiki kwenye kontena, kwa hiyo nije nimfungie pampu kubwa. "Fundi, hii presi imeisha nguvu." Presi ndiyo mashine inayobana pamba kuwa robota, na safari hii nimeambiwa hivyo na mtu ambaye yake naijua bolti kwa bolti, na nguvu inazo za kubakiza. Basi naandika mara moja, mtumiane wenyewe.

Pampu inasukuma oili, basi. Presha inapanda kadiri pamba inavyoikatalia pistoni kushuka, na nguvu ni presha mara eneo la pistoni. Joseph Bramah alisajili presi ya maji kwa kanuni hiyo Uingereza mwaka 1795, na hesabu haijabadilika. Silinda ya kipenyo cha sentimita 30 ina eneo la sentimita za mraba 707 hivi. Kwa presha ya bar 200 unapata kama tani 144. Pistoni ikisafiri mita 2 inameza lita 141. Pampu ya lita 70 kwa dakika itatumia dakika mbili, ya lita 140 itatumia moja, na tani zitabaki zile zile 144. Umenunua mwendo. Ukitaka tani bila kugusa presha, nunua silinda pana, kisha uulize kama nguzo za fremu zitaihimili.

Akielewa hapo, bosi anahamia kwenye vali ya usalama, ile inayoachia oili presha ikizidi: "Basi ikaze kidogo tu." Oili ya presha hiyo ikichomoza kwenye tundu dogo la hosi inapenya ngozi, na mtu anaishia kwa daktari wa upasuaji. Nimeshalisema, sitalirudia.

Kinachonikera hasa ni kwamba hata ukikaza na hosi isipasuke, robota halibadiliki. Umeshusha sahani ya presi sentimita tatu zaidi, vizuri. Vijana wamefunga waya wa urefu ule ule wa jana. Unafungua presi, pamba inafura mpaka ikutane na waya, inatulia hapo. Robota ni lile lile la jana, ila umechosha sili zako. Ukubwa wa robota unaamuliwa na uzito uliopakia na urefu wa waya. Presi kazi yake ni kuishusha pamba chini kidogo ya kipimo unachokitaka, ili waya ufungike kwa raha.

Chukua robota letu la Uganda la kilo 185. Tuseme boksi lako lina urefu wa mita 1.2 na upana wa nusu mita. Robota likitulia kwenye kimo cha sentimita 77, ni kilo 400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Waya unazunguka kimo na upana, kwa hiyo ukiupunguza sentimita 10 kimo kinashuka karibu 5, na unafika kama kilo 428. Nasema "karibu" kwa sababu robota halina pembe kali, linavimba ubavuni, na hesabu ya kwenye karatasi haioni uvimbe huo. Kabla ya kuniita, pima waya. Nimewahi kukuta waya wa urefu wa aina tatu ndani ya robota moja, halafu naambiwa presi ni mbovu.

Waya mfupi nao una bei yake. Unabeba mzigo mkubwa zaidi, na fundo dhaifu litakatika usiku ghalani. Hapo nguvu ya presi inaanza kuwa hoja ya kweli, maana pamba haikatai kwa usawa. Sehemu kubwa ya safari ya pistoni unabana hewa tu. Tani zote zinadaiwa mwishoni. Watengenezaji wa zamani walilijua hili kuliko wauzaji wa leo. Presi za mikono miwili iliyounganishwa kama goti zilikuwa na akili hiyo: goti linavyozidi kunyooka, nguvu inazidi kupanda, pale pale pamba inapozidi kukataa. Haidroliki ya pampu moja haina werevu huo. Dawa yake ni pampu mbili: kubwa ya presha ndogo ya kushusha haraka, na ndogo ya presha kubwa ya kumalizia, huku vali ikiipumzisha ile kubwa presha inapopanda. Kama una pesa za kutupa, zitupe hapo. Au kwenye presi ya maboksi mawili yanayozunguka, ili boksi moja lishindiliwe wakati lingine linafungwa, mashine za kuchambua zisisimame kusubiri waya.

Ushindiliaji wenyewe, yaani kujaza pamba boksini kabla ya kubana, hauangaliwi na mtu. Pamba ikiangukia upande mmoja wa boksi, robota linatoka na kichwa kinene na mkia mwembamba. Waya wa upande mnene unabeba kila kitu. Hakuna pampu inayotibu hilo.

Halafu kuna unyevu. Pamba ya asilimia 4 ni kaidi kuliko ya asilimia 7. Ndiyo maana Januari, upepo mkavu ukivuma Lango, presi ile ile inaonekana mgonjwa mchana na mzima alfajiri. Vitabu vinakupa namba hizi kana kwamba zinasomeka wazi. Kipimo cha sindano kinasoma pale ulipochoma tu, na ukikichoma kwenye pamba iliyobanwa zaidi kinapandisha namba ingawa maji hayajaongezeka. Mimi nakitumia kulinganisha robota na robota. Siapi kwa namba yake.

Na tafadhali, unyevu unarudishwa kwa hewa ya moto yenye mvuke kabla pamba haijaingia boksini. Kijana na ndoo yake aondoke. Maji ya kumwagia yanatengeneza madonge na madoa, na mnunuzi akiyakuta anajua ulikuwa unamuuzia maji kwa bei ya pamba. Marekani, mpango wa mikopo ya serikali kwa pamba umeweka kikomo cha asilimia 7.5, na kikomo hicho hakikuwekwa kwa kupenda karatasi.

Pamba ikishikiliwa chini ya presha kidogo kabla ya kufungwa, inachoka, na ikiachiwa inafura kwa upole. Sekunde ngapi? Inategemea pamba ya siku hiyo, na bosi anayehesabu marobota kwa saa hataki kusikia. Anza kwa kuwaambia vijana wasikimbilie kufungua.

Kwa hiyo ukinipigia, niambie urefu wa waya wako, nafasi kati ya sahani presi ikiwa imebana mwisho, uzito wa robota, na kama vichwa vyake viwili vinalingana. Namba ya kwenye geji ya presha nitaiuliza mwenyewe.