Daftari la presha: maswali na majibu

Nimeshapewa dawa ya presha, nimeambiwa nipunguze chumvi na nitembee. Daftari la nini tena?

Kwa sababu presha haiumi. Jino likiuma halikupi usingizi, malaria inakulaza kitandani, lakini mwenye presha ya 160/100 anaamka mzima, anakwenda sokoni na kurudi. Taratibu anaanza kuruka vidonge. Muulize karuka mara ngapi mwezi huu, atasema "labda mara moja", na hakudanganyi, ndivyo anavyokumbuka. Kwa vile mwili haukukumbushi, kiwepo kitu kingine cha kukukumbusha.

Niandike nini hasa?

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaandika namba za presha peke yake, na namba ikipanda wanavunjika moyo na kulitupa daftari. Namba huiamuru wewe? Usiku mmoja wa kukosa usingizi unatosha kuipandisha. Kilicho mikononi mwako ni matendo, basi andika matendo kwanza.

Chagua mawili, yasizidi matatu, na kila moja liwe la kujibiwa ndiyo au hapana. "Kupunguza chumvi" huwezi kuliwekea tiki. "Leo sikuongeza chumvi mezani" unaweza. "Mazoezi" ni neno pana mno. "Nimetembea dakika 30" linaeleweka, na ukilifanya siku tano umetimiza dakika 150 za wiki zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo hilo linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani haifiki kijiko cha chai kilichojaa. Hesabu na ile iliyojificha kwenye mkate, viungo vya pakiti na samaki wa chumvi.

Daftari la shule linatosha. Liweke pale unapopita kila siku, mathalani kando ya chupa ya chai, na kalamu uifunge kwa uzi.

Ni kweli mazoea hujengeka kwa siku 21?

Hapana, na naichukia namba hii kwa jinsi ilivyokatisha watu tamaa. Inahusishwa na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Hakuwa akipima mazoea. Watafiti wa London waliokuja kuyapima waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, na wakakadiria kuwa kwa kawaida huchukua siku 66, wengine 18, wengine hata 254. Kwa hiyo ukifika mwezi wa pili bado unajilazimisha kutembea, huna kasoro yoyote.

Nikikosa siku moja?

Acha nafasi wazi, kesho endelea. Watafiti hao waliona kuwa kuikosa siku moja hakukuharibu kitu. Kama ni kidonge ulichosahau, usimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Ila nafasi wazi zichunguze, maana ndizo zenye habari. Zikiangukia Jumamosi tupu, huenda ni siku za harusi na safari, na dawa inabaki nyumbani. Hapo tatizo si uvivu. Weka vidonge vichache kwenye mkoba.

Na presha yenyewe niipime vipi?

Asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usizungumze. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja, andika zote, hata ile usiyoipenda. Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Namba zikishuka niache dawa?

Usiiache mwenyewe. Mara nyingi zimeshuka kwa sababu unaimeza. Nenda na daftari kliniki, mfungulie daktari kurasa za tiki na kurasa za namba, aone zote mbili kabla hajagusa dozi yako.