Harusi ya kijijini anza na maji, mapambo baadaye

Mi kazi yangu ni kupika na kuratibu harusi huku Dodoma, na mwezi huu mabinti watatu wanaotaka kuolewa nyumbani kwa bibi, huko Mvumi, Bahi na Kongwa, wameniuliza nianze na nini, na wote watatu walikuwa wameshaulizia bei ya mapambo. Jamani, anza na maji.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na harusi nyingi zinafanyika watu wakishavuna, kuanzia Juni, yaani ukavu wenyewe. Kilo moja ya mchele nahesabu watu 7 au 8, kwa hiyo watu 300 ni kilo 40, hiyo kila mtu anaikumbuka, ila kupika hakumalizi maji bwana, kinachomaliza ni kuosha vyombo, maana sahani hazitoshi na zinazunguka mara tatu mara nne. Kwa watu hao mi nataka madumu 60 ya lita 20 yawe yamejaa jioni ya kuamkia shughuli, yamepangwa kivulini, yamezibwa na magunzi ya mahindi. Mwaka jana kuna kijiji pampu iligoma saa nne asubuhi, sufuria la kwanza limeshaiva, makarai yamejaa sahani chafu, na tulichoweka akiba kilikuwa madumu 15 tu. Vijana wakafunga punda kwenye mkokoteni wakaenda kuchimba kwenye mchanga wa korongo, wakarudi saa nane, wageni wamekaa na njaa, bi harusi analia ndani. Sijasahau ile sura yake.

Maji yakishapatikana, nenda kwa wakina mama. Usiwapelekee bajeti, kaa nao uwaulize, mama mdogo, hapa nani anajua pilau la kuni, nani ana masufuria makubwa, nani wa mlenda, maana wazee watakula pilau kidogo afu wataulizia ugali wa uwele, na wasipoupata watasema mpaka mwakani. Mwenye kuku alete kuku, mwenye mzigo wa kuni alete kuni, shangazi mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike yote kwenye daftari pamoja na hela, kwa sababu mchango usioandikwa unaleta maneno.

Makaratasi yasikutishe, ila Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, kwa hiyo muone mchungaji, shehe au msajili mapema, na ofisi ya kijiji wajue kama muziki utaenda usiku. Turubai likazwe sawasawa, upepo wa Julai huku hauna adabu. Na kama ukoo una wakina mama wa muheme, wale wanaobana ngoma katikati ya mapaja wanapiga mpaka vumbi linapaa, mi nakwambia okoa hela ya diijei na jenereta, wape wao uwanja.

Kesho yake bakiza watu wanne wa kurudisha vyombo. Geuza kila sahani uangalie chini, wenyewe wameweka alama za rangi ya kucha, nyekundu ya huyu, ya bluu ya yule, na ukipeleka masufuria ya watu peleka na kipande cha sabuni.