Una ugonjwa wa tezi ya shingo: kwa nini tunakupima mishipa ya damu?

Mimi nina tezi. Mishipa inaingiaje hapa?
Tezi ya thairoidi ikitoa homoni kidogo, mwili huchelewa kuondoa lehemu mbaya (kolesteroli) kwenye damu. Lehemu hiyo hujipenyeza kwenye kuta za mishipa, ikiwemo miwili mikubwa ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo. Mishipa hiyo naitazama kwa ultrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti. Si kila mgonjwa wa tezi anahitaji kipimo hiki. Wengi ninaoletewa wana presha au kisukari juu yake.

Ultrasaundi inaumiza?
Hapana. Unalala chali, unapakwa jeli ya baridi shingoni, basi. Haina mionzi. Naangalia unene wa ukuta wa mshipa, ambao kwa kawaida haufiki hata milimita 1, na kama kuna mafuta yaliyoganda ndani.

Nilipata nafuu nikaacha vidonge. Kuna ubaya?
Upo, tena mkubwa. Ulipata nafuu kwa sababu ulikuwa unameza vidonge. Juzi mama mmoja alinifungulia pochi: pakiti za levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, za miezi 3, zimekatwa kona moja tu. "Nikichoka ndiyo nameza," akasema. Si panadoli hii, mama! Dawa hii hutoka mwilini polepole. Baada ya wiki nzima karibu nusu bado imo. Ukiacha leo, kesho huoni kitu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Lakini sisikii maumivu yoyote.
Mshipa ukinenepa hauumi. Narudia: hauumi. Usiache vidonge.

Picha yangu imetoka safi. Sasa niache?
Usiache! Picha inaonyesha mishipa ilivyo leo, haisemi tezi imepona. Tezi hupimwa kwa damu, kipimo cha TSH (homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi), wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa dozi.

Nameza na chai ya maziwa, sawa?
Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa 4.

Niliacha zamani. Nianze mwenyewe?
Rudi kliniki na pakiti zako, hatukufukuzi. Usimeze viwili viwili kufidia, utausumbua moyo. Ila mdomo ukipinda au mkono ukipoteza nguvu ghafla (dalili za kiharusi), hata kama umerudi sawa baada ya dakika 10, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje tarehe yako ya ultrasaundi.