Gari la gia za mkono: kompyuta inajuaje umekanyaga klachi?

Gari la gia za mkono la siku hizi linaweza kushikilia breki mlimani, kupandisha mizunguko ya injini unaposhusha gia, kuzima injini kwenye foleni, hata kujifunga breki lenyewe kabla hujagonga. Lakini kompyuta yake haina namna ya kukanyaga klachi wala kuingiza gia. Hizo bado ni kazi zako, nayo inasubiri kuambiwa na swichi ndogo iliyo kwenye pedali. Ndiyo maana visaidizi viwili vitatu vikigoma kwa pamoja, mimi huanza kukagua hapo.

Kwanza mlimani. Sensa ya mwinamo ikiona gari limesimama kwenye mteremko, vali za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki) hubana presha ya breki kwa takriban sekunde 2 baada ya kuachia pedali. Huo ndio muda wa kuhamishia mguu kwenye mafuta na kuiachia klachi hadi ianze kushika. Zikipita, gari linarudi nyuma, uwe tayari au usiwe, kwa hiyo breki ya mkono haijapata mbadala. Msaada huu ukifanya kazi unapopanda kwa mbele lakini ukakataa unapopanda kwa rivasi, tazama taa ya rivasi. Kwenye magari mengi taarifa zote mbili hutoka kwenye swichi ileile ya gia-boksi.

Kulinganisha mizunguko ya injini na gia unaposhusha gia ndiko kunakonivutia zaidi, maana hesabu yake ni wazi. Nissan 370Z, modeli ya 2009, ndiyo iliyoanza kuuzwa na teknolojia hii kwenye gia za mkono. Chukua tairi la 205/55R16, ambalo mzingo wake ni karibu mita 1.98. Kwa kilomita 60 kwa saa linazunguka mara 505 hivi kwa dakika. Difu ikiwa na uwiano wa 4.0 na gia ya nne 1.0, injini inazunguka mara 2,020. Gia ya tatu yenye uwiano wa 1.4 inataka 2,830. Ukikanyaga klachi na sensa ikaona mkono wa gia umeelekea gia ya tatu, kompyuta inafungua hewa na kuipandisha injini hadi hapo, kisha klachi inashika bila gari kushtuka.

Lakini haikulindi ukikosea gia. Kwa kilomita 120 kwa saa, gia ya pili yenye uwiano wa 2.0 inaidai injini mizunguko 8,080. Kidhibiti cha mizunguko kitakata mafuta, ila hakitasaidia, kwa sababu wakati huo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Vali hugonga pistoni namna hiyo.

Breki za dharura za kujiendesha nazo zina mpaka wake: zinasimamisha gari, klachi haijakanyagwa, injini inazima. Presha huweza kuachiwa baada ya sekunde chache tu, kwa hiyo kanyaga breki na klachi mara moja, kisha uwashe upya.

Sasa turudi kwenye swichi. Mara nyingi ziko mbili: ya juu husikia pedali inapoanza kushuka, ya chini huruhusu starta pedali ikifika mwisho. Ya juu ikidhani klachi imekanyagwa muda wote, kishika mwendo (cruise control) hakikubali kuwekwa. Ya chini ikikosa kuguswa, starta haizunguki. Kabla ya kununua swichi mpya, piga tochi kwenye mkono wa pedali. Kipo kipande cha mpira au plastiki kinachosukuma pini ya swichi. Kikizeeka huvunjika vipande, na pini hutumbukia kwenye tundu lililobaki bila kubonyezwa. Makombo kwenye zulia la dereva ni dalili tosha. Kipande hicho ni cha bei ndogo kuliko sensa yoyote.

Kama kipo kizima, chomoa soketi na upime kwa multimita (kipimo cha umeme): mkondo unapaswa kupita pedali ikiwa katika hali moja, juu au chini, na kukatika katika hali ya pili, bila kusitasita. Ukiwa na mashine ya kusomea data, tazama hali ya klachi ikibadilika huku ukikanyaga polepole. Ikibadilika ukiwa umechelewa sana au mapema sana, legeza nati ya kufungia swichi, isogeze kidogo, kaza, jaribu tena.